Sindano iliyoisha inakula disiki



Mwezi uliopita tulikuwa kwenye matanga hapa Likasi, katika komine ya Kikula. Muzee aliyetuacha alitumika Shituru mupaka siku ya pansyo. Usiku wa pili watoto wake wakatoa fono yake chini ya kitanda, pamoja na kartoni moja ya disiki. Walitaka watu wasikie ule muziki baba yao alikuwa anapiga kila siku ya mungo, akiisha kula. Mutoto mukubwa akaweka disiki ya kwanza. Sindano ikaruka. Akarudisha, ikaruka tena. Basi akatafuta kipande cha falanga za chuma za zamani, akakibandika juu ya kichwa cha fono ili kiwe na uzito. Kweli, haikuruka tena. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa sawa mutu anayekwaruza sufuria na kisu. Mama mujane akanyanyua mukono, akasema: "Muzime, bana bangu. Ile haiko muziki ya baba yenu."

Asubuhi tulipeleka ile disiki kwenye jua tukaiangalia. Pale sindano ilipopita, ile rangi nyeusi inayongaa ilikuwa imegeuka majivu. Ilikuwa disiki ya kwaya, muzee aliinunua wakati angali kijana. Tumetafuta ingine sawa nayo kwa majirani na kwenye soko, mupaka leo hatujaiona.

Ule mutoto hana kosa. Hakuna mutu aliyemufundisha. Kosa ni letu sisi wakubwa, na leo tunataka kusema wazi: sindano iliyoisha inakula disiki, na disiki ikiliwa hairudi. Selule, maana kile kichwa kidogo kinachobeba sindano, inaweza kutengenezwa ao kubadilishwa. Disiki ya muzee haiwezi. Kwa hiyo tusipige tena disiki za wazee na fono ambayo hakuna mutu ameiangalia, na kazi ya kuziangalia tuifanye pamoja, kwa kila kambi, siyo kila mutu peke yake na kipande chake cha falanga.

Tunajua wengine watatucheka. Watasema: "Eh, sendika imekosa kazi? Mishahara inachelewa, dawa hakuna, na hawa wanaandika juu ya sindano ya fono!" Tunawasikia. Mambo ya mushahara hatuyaachi, na juma lijalo tutakuwa tena mbele ya mulango wa wakubwa. Lakini sisi tuliokaa miaka mingi karibu ya mashini tunajua kitu kimoja: kazi ya migodi haikuanza kuanguka siku moja. Ilianza siku walipoacha kubadilisha kipande kidogo kwa wakati wake. Mutu mumoja alisema "itatosha mupaka mwezi ujao", na mwezi ujao akasema vilevile. Kipande cha bei kidogo kikaua mashini ya bei kubwa. Kama sisi wenyewe katika nyumba zetu tunafanya vile vile, na kinywa gani tutawasemea wakubwa habari ya antretiani?

Na wewe uliyetoboa mwamba, unajua ncha ya mashini ikiisha inakuwa namna gani. Haikati tena, inasaga. Tundu linakuwa pindo, mikono inatetemeka, vumbi linazidi. Sindano ya fono iko vilevile. Ikiwa mupya, ncha yake iko ya muviringo, laini, inateleza katika njia ya disiki bila kuumiza ukuta wa kushoto wala wa kuume. Ikitumika sana, inapata bapa mbili pembeni, na kila bapa iko na makali. Kutoka hapo haisomi tena muziki, inauchonga. Na disiki ya kuzunguka mara 33 kwa dakika, upande mumoja wa dakika 20, iko na njia ya karibu mita 400. Watoto wakipiga pande kumi siku ya sikukuu, sindano imetembea kilometa ine. Hata kiatu kinaisha.

Sasa tuangalie ndani ya ile selule, juu kuna jambo linalotugusa sisi watu wa Likasi. Katika selule ya sumaku, sindano iko mwisho wa kijiti chembamba. Kwenye mwisho mwingine wa kijiti kuna sumaku ndogo kama punje ya mutama. Sindano ikitetemeka, sumaku inatetemeka karibu ya waya uliozungushwa mara nyingi sana, waya mwembamba kuliko unywele, na umeme kidogo unazaliwa. Ule umeme njo unakwenda kwa haut-parleur na kuwa sauti. Waya ule ni shaba. Sumaku nyingi za kazi hiyo ziko na kobalti ndani. Na ncha ya sindano nzuri ni diama. Shaba na kobalti, viwanda vya Likasi vinavitoa tangu wakati wa Union Minière. Na diama za kazi za viwanda, kwa miaka mingi inchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani, juu ya udongo wa Kasai upande wa Mbuji-Mayi. Hatusemi kila selule ilitoka kwetu. Tunasema vitu vyote vitatu tunavijua kwa mikono yetu. Tunavipeleka mbali kwa tani, vinarudi kwa gramu ndani ya kisanduku kidogo, halafu tunaviacha viharibike chini ya kitanda.

Wengi wanafikiri fono ikinyamaza imekufa. Tulikwenda kwa mafundi, tukakaa nao, tukaona si hivyo. Mara nyingi ugonjwa ni kidogo.

Kama upande mumoja umenyamaza, tazama kwanza nyuma ya selule. Kuna nyaya ine: nyeupe na buluu kwa upande wa kushoto, nyekundu na kijani kwa upande wa kuume. Kila waya unashikwa na kibano kidogo juu ya mwiba wake. Vibano hivi vinashika kutu, ao vinalegea. Fundi anazima moto wa fono, anavitoa kimoja kimoja na kikoleo kidogo, anavisugua, anavikaza kidogo, anavirudisha. Mara nyingi sauti inarudi pale pale. Lakini asiunge waya na chuma cha moto juu ya mwiba wenyewe. Joto linapanda ndani, linakata ule waya mwembamba wa shaba, na hapo selule imekufa kweli. Tumeona vijana wa mikono mizuri wakiua selule nzima namna hiyo, kwa haraka tu.

Kama sauti inakwaruza, safisha sindano mbele ya kusema imeisha. Vumbi la Likasi munalijua, katika kiangazi linaingia hata katika yai. Vumbi linajifunga kwenye ncha kama soya ya kijivu. Chukua kibrashi laini, kiguse na tone moja la alkoli, upitishe kutoka nyuma kuja mbele, njia ambayo disiki yenyewe inapita. Usipitishe kwa pembeni, utavunja kijiti. Na usiguse na kidole: kidole kiko na mafuta, na kiko na nguvu kuliko unavyofikiri.

Kisha kusafisha, peleka sindano kwa fundi wa saa. Yeye iko na kioo cha kukuza. Mwambie aangalie kama ncha iko muviringo ao imepata bapa. Hapo hakuna mabishano tena. Sindano ya safira, ile fono nyingi za bei rahisi zilikuja nayo, haifiki mbali: masaa makumi tu, na imeisha. Ya diama inafika masaa mamia, wengine wanaipeleka mupaka karibu ya elfu. Lakini hata ya diama, ikifika masaa 500 lazima iangaliwe. Na fono nyingi hapa kwetu hazijabadilishiwa sindano tangu Zaire. Ufanye hesabu mwenyewe.

Kuna tena ule mupira mudogo unaoshika kijiti. Miaka ikipita unakauka, unakuwa mugumu kama mupira wa kinga ulioachwa kwenye jua, ao unalegea kabisa mupaka tumbo la selule linagusa disiki. Selule ya namna hiyo inahitaji sindano mupya pamoja na kijiti chake. Kwa selule nyingi za sumaku, sindano na kijiti vinatoka pamoja kwa kuvuta, bila kubadilisha selule yote. Gharama inapungua sana, lakini wengi hawajui, wanatupa yote.

Selule za zamani zaidi, zile za kristali, ziko na shida ingine. Ndani yake kuna kristali ya chumvi ya namna fulani ambayo ikikunjwa inatoa umeme. Chumvi hiyo inaogopa joto, tena inaogopa maji. Nyumba zetu ziko na manjanja juu, na masika yetu munayajua, kutoka mwezi wa kumi na moja mupaka wa ine. Kristali ikinyonya maji, imekwisha, hakuna fundi wa kuifufua. Hapo dawa ni kuweka pahali pake selule ya keramiki, ambayo inavumilia. Mutu akikuambia atafungua kristali iliyokufa na kuiponya, mushukuru, ubebe fono yako, uende nyumbani.

Na sasa kile kipande cha falanga. Selule ya sumaku inataka uzito wa gramu mbili hivi, mara tatu. Zile za kristali na keramiki zinabeba zaidi, gramu tano mupaka nane. Ukibandika falanga juu, umeongeza gramu ingine tano ao sita, na zote zinafinya juu ya ncha ambayo jicho halioni. Kama sindano inaruka, kuna sababu: ncha imeisha, ao mukono wa fono umekauka pale unapozunguka, ao fono haikukaa sawa juu ya meza. Tafuta sababu. Uzito unaweza kupimwa na ile mizani ndogo ya watu wanaonunua zahabu. Lakini na upande mwingine, usifikiri kupunguza sana njo kulinda. Sindano nyepesi kupita kipimo inarukaruka na kupiga kuta za njia. Kila selule iko na kipimo chake.

La mwisho ni disiki zenyewe. Zile nzito za zamani, za kuzunguka mara 78, ambazo zikianguka zinavunjika kama sahani, ziko na njia pana. Zinataka sindano yake, yenye ncha nene karibu mara tatu. Fono zingine ziko na kichwa cha kugeuza, upande mumoja wa 78, upande mwingine wa 33 na 45. Mutu asipojua kugeuza, anaharibu pande zote mbili. Na disiki hizo za 78 musizisafishe na alkoli hata siku moja. Zimeundwa na gome linaloyeyuka katika alkoli. Maji kidogo na sabuni kidogo vinatosha, bila kulowesha karatasi ya katikati.

Kwa nini tunahangaika na hizo 78? Ndugu, muji huu una deni nazo. Mwaka 1952, wakati Likasi ingali inaitwa Jadotville, alifika hapa Hugh Tracey, Muingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, pamoja na mashini yake ya kushika sauti. Hapa akakutana na kijana wa Bunkeya, aliyezaliwa 1930, anapiga gitara kwa vidole viwili tu na watu wanasimama. Jina lake Jean Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke. Nyimbo alizoshika kwake, na "Masanga" katikati yao, zilitoka katika disiki za 78 za Gallotone, zikatembea Afrika nzima. Mwaka 1969 Mwenda akapiga gitara mupaka Marekani, kwenye sikukuu ya muziki ya Newport. Alikufa 1990 kwa ajali ya gari. Na Tracey, mwaka 1954, alianzisha kule Afrika ya Kusini nyumba ya kutunza muziki wa Afrika, ILAM, ambayo ingali inatumika mupaka leo.

Sauti iliyoimbwa katika Kiswahili chetu, kwenye barabara zetu, inatunzwa vizuri inchi ya mbali. Ni vizuri, tunashukuru. Lakini vile walivyoshika wageni ni sehemu ndogo ya vile wazee wetu walinunua na kupiga: kwaya, wapiga gitara wa kambi, orkestra za Kinshasa za kila mwaka. Nani anavitunza hivyo? Sisi, na kipande cha falanga?

Kijana atasema: "Papa, byote biko mu telefone." Tunamujibu kwa upole: mwanangu, vingi viko, vyote haviko. Tafuta ile kwaya ya matanga ya Kikula, uone kama utaipata. Na hivyo vilivyo ndani ya telefone, kuna mutu aliyevitoa kwenye disiki na sindano nzuri. Sindano mbaya ikitangulia, telefone itashika makwaruzo.

Kuna jambo lingine, na hili linatuuma. Tunakumbuka 2003 na 2004, wakati maelfu ya watumikaji wa migodi walipoacha kazi kwa ile departi volonteri. Tuliona vitu vinavyotoka katika nyumba: kwanza frigo, kisha kinga, kisha fono. Hatuhukumu mutu aliyeuza ili watoto wale. Lakini hata leo wanunuzi wanapita. Mutu anakuja na maneno matamu, anafungua kartoni, anaangalia disiki moja moja kama anayechagua mawe ya shaba, anabeba yote kwa bei ya bukari ya juma moja. Mama anafikiri ameuza takataka, juu fono haiimbi tena. Kama fono ingekuwa inaimba, angejua anauza nini. Ile selule iliyokufa njo inamufanya akubali bei mbaya. Sisi tunaouza jiwe bila kujua mutapo wake, hadisi hiyo si ngeni kwetu.

Tusijifanye watakatifu. Katika chumba cha sendika yetu kulikuwa na fono tuliyopiga kila tarehe 1 mwezi wa tano, sikukuu ya watumikaji. Miaka mingi ilibeba falanga juu ya kichwa. Sisi tuliotia sahihi barua nyingi juu ya antretiani ya mashini, hatukuuliza siku moja sindano ile iko na masaa mangapi. Disiki zote za chumba kile sasa ni majivu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo haya, na tunaomba kila kambi iyazungumuze.

Kwanza, kila jamaa iliyo na disiki isizipige mupaka sindano imeangaliwa na mutu anayejua. Zikae zimesimama kama vitabu, zisilale moja juu ya ingine, mbali na manjanja na jua.

Pili, kila kambi iwe na fono moja ya wote, yenye sindano ya diama kwa 33 na 45, na sindano ingine kwa 78. Tuichangie kama tunavyochangia matanga. Karibu yake kuwe na kaye, kama ile tunayoandika masaa ya mashini kwenye kazi: tarehe, nani amepiga, dakika ngapi. Masaa yakifika, sindano inabadilishwa, hata kama "ingali inaimba".

Tatu, mafundi wazee wa redio na fono waliobaki tuwalipe wafundishe. Vijana wetu wanaotengeneza telefone pembeni ya barabara wako na macho na mikono ya kazi hiyo. Wanashika vipande vidogo kuliko selule kila siku. Wanakosa paka mutu wa kuwaonyesha. Na mutoto anayejua kazi hiyo ni mutoto mumoja ambaye hataingia katika tundu kutafuta kobalti na mikono mitupu.

Ine, siku disiki inapigwa kwa sindano nzuri, ishikwe pale pale katika telefone, jamaa ipewe sauti yake, na disiki irudi nyumbani kwake. Mutu akitaka kuuza nyuma ya hapo, ni haki yake, lakini atauza akijua.

Tumeanza. Selule ya muzee wa Kikula iko kwa fundi. Vibano vilikuwa na kutu, mupira umekauka, na ncha, chini ya kioo cha saa, ilikuwa bapa kama patasi. Sindano mupya tumeiagiza, watu makumi mawili na wawili wametoa. Katika kartoni bado kuna disiki kumi na moja ambazo falanga haikuzigusa. Mama mujane amezifunga na kitambaa, ameziweka chumbani mwake, na amewaambia watoto: hakuna mutu wa kuzishika mupaka batu ba sendika barudi.

Tutarudi, mama.